Chuchu ya Mpira: Itumiwe au Itupwe?

Ubishi mwingi hutokea nyumbani kwa sababu ya kitu kidogo sana. Nasema juu ya ile chuchu ya mpira isiyo na tundu wala maziwa, ambayo mtoto mchanga hutiwa kinywani ili anyamaze. Wazee wengi huidharau wakisema ya kuwa ni uvivu wa kina mama wa mjini. Nao vijana huinunua hata kabla mtoto hajazaliwa. Mimi na mke wangu tulilea watoto wanne bila chuchu hiyo, na sasa tunaye mjukuu aliyepewa akiwa na siku kumi tu. Basi nimeyaona ya pande zote mbili, nami ningependa kuwaeleza wasomaji niliyojifunza.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kunyonya si tabia mbaya. Mtoto huweza kunyonya kidole angali tumboni mwa mama yake, na akiisha kuzaliwa hunyonya si kwa njaa peke yake, bali hata kwa kujituliza. Wala kumpa mtoto kitu cha kunyonya si jambo la jana. Huko Ulaya zamani watu walifunga sukari au mkate katika kitambaa wakampa mtoto. Chuchu yenye kisahani cha kuizuia isiingie kinywani yote ilianza kujulikana mnamo mwaka 1900, wakati Christian Meinecke wa New York alipoandikisha mfano wake.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi. Binti yangu alikuja kukaa kwetu Nakuru baada ya kujifungua, kwani mume wake hufanya kazi mbali. Mtoto alikuwa mtulivu mno, hata wageni wakamsifu. Kila alipofumbua kinywa alitiwa chuchu, akanyamaza, akalala. Lakini alipopelekwa kliniki akiwa na wiki sita, ili apate chanjo, mzani ulionyesha kwamba uzito wake haukuongezeka kama ipasavyo. Mwuguzi akauliza, “Mama, mtoto hunyonya mara ngapi mchana na usiku?” Binti yangu akahesabu kwa vidole, akapata mara tano. Mwuguzi akasema, “Mtoto wa umri huu hunyonya mara nane hata kumi na mbili. Huyu si mtulivu, Mama. Huyu ana njaa, nasi tumemziba mdomo.”

Maneno hayo yalituchoma sote. Tena yana maana kubwa, kwa kuwa titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linyonywavyo. Chuchu ikichukua nafasi ya titi, maziwa nayo hupungua. Aidha, mtoto haanzi kudai chakula kwa kilio. Kwanza hugeuza kichwa akitafuta titi, hupiga midomo, hunyonya ngumi. Kilio huja mwisho. Mwenye chuchu kinywani hawezi kutoa ishara hizo, na mama hana njia ya kuzijua.

Jioni ile mke wangu alitaka chuchu itiwe motoni. Binti yangu akamwambia kwa upole, “Mama, nakusikia. Lakini usiku ndiyo inayomlaza, nami likizo yangu ni miezi mitatu tu. Nikirudi kazini bila usingizi nitafanyaje?” Nikaona kwamba kila mmoja ana haki yake. Tukapatana hivi: chuchu iwekwe kabatini mpaka mtoto apate uzito wake, na kila atafutapo titi apewe titi. Usiku za kwanza zilikuwa za taabu, nasi tulipokezana kumbeba. Alipopimwa tena uzito ulikuwa umepanda, na mwuguzi akaridhika. Hapo ndipo chuchu ilipotolewa kabatini, lakini kwa usingizi tu.

Wataalamu wenyewe hawasemi neno moja. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa hatua kumi za kusaidia unyonyeshaji, na mojawapo ilikataza kumpa chuchu mtoto anyonyaye. Mwaka 2018 walilegeza kidogo, wakataka mama ashauriwe na kuelezwa hatari zake. Madaktari wa watoto wa Marekani nao hushauri apewe wakati wa kulala, kwa kuwa imeonekana kupunguza vifo vya ghafula vya watoto usingizini. Lakini anyonyaye titi angoje kwanza mpaka kunyonya kumeimarika. Na katika hospitali watoto waliozaliwa kabla ya wakati husaidiwa na kunyonya kwa namna hiyo.

Je, itumiwe kwa muda gani? Baada ya miezi sita faida yake hupungua, na ugonjwa wa ndani ya masikio huonekana zaidi kwa watoto waizoeao. Akizidi miaka miwili, na hasa akifika minne, meno ya mbele huweza kusukumwa nje, ya juu na ya chini yasikutane. Sisi tumeamua kwamba mwaka mmoja ukitimia iachwe. Sasa mjukuu ana miezi minane, na mchana haioni kabisa.

Anayeitumia na aangalie mambo haya. Ichemshwe kabla ya kutumiwa mara ya kwanza, na mtoto akiwa mchanga ichemshwe mara kwa mara. Isichovywe katika sukari, kwani huozesha meno, wala katika asali, ambayo ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Isifungwe kwa uzi shingoni, maana uzi huweza kumnyonga. Ikipasuka itupwe mara moja. Na ikianguka mtoto akiwa amelala, asirudishiwe.

Wazee walisema, “Mtoto akililia wembe, mpe.” Lakini methali hiyo ni ya mkaidi aliyekwisha kuonywa. Mtoto mchanga hana ukaidi. Kilio ndiyo lugha yake. Basi, ndugu wasomaji, alipo mtoto alilaye tumjibu kwa utaratibu: kwanza apewe titi, kisha atazamwe nepi yake na joto la mwili wake, kisha abebwe kifuani. Yote hayo yakiisha, naye ameshiba na anatafuta usingizi tu, hapo chuchu ina kazi yake.