Malazi ya Mgeni

Mtu aliye ugenini hupata malazi kwa moja ya njia mbili: kwa fedha au kwa udugu. Njia ya kwanza niliijua tangu zamani. Ya pili nilifundishwa Nyansurura, mkoani Mara, nikiwa mtu wa makamo tena mwenye shahada ya uzamivu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefika Hisarya, mji wa kale wa Bulgaria karibu na Plovdiv. Warumi waliuita Diocletianopolis wakauzungushia ukuta, na lango lake la kusini, ambalo lingali limesimama, huitwa Ngamia. Watu huenda huko kwa ajili ya chemchemi za maji ya moto, wakitumaini kupona maradhi ya figo na tumbo. Nilionyesha pasi, nikalipa, nikapewa ufunguo. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani, wala sikuona upungufu katika kutoulizwa.

Nyansurura nilikwenda kukusanya maneno ya wafugaji. Nilikusudia kurudi kulala Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, lakini mvua iliharibu njia, na mwenye pikipiki akakataa safari. Nikamwamkia mzee mmoja, nikamwuliza ilipo nyumba ya kulala wageni. Alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu," alisema, "mgeni hulala wapi ila kwa watu?"

Kwake nilipewa maji ya moto ya kuoga, yaliyochemshwa kwa kuni, kisha ugali wa mtama, kisha kitanda. Alfajiri nilitambua kwamba kitanda kilikuwa chake, naye amelala chini, kando ya meko. Nilitoa fedha. Akaifumba mkononi mwangu akasema, "Utakapompokea wangu, utakuwa umelipa."

Maneno hayo yalinichoma. Mwaka uliotangulia mjomba wangu alikuja Dar es Salaam kutibiwa. Nilimpangia chumba katika nyumba ya wageni, nikalipia siku kumi, nikajihesabu mkarimu. Chumba nilikuwa nacho nyumbani, lakini kilijaa vitabu, na baadhi yake vilieleza utu wa Mwafrika. Mjomba hakulalamika. Alisema tu kwamba taa ya ukumbini iliwaka usiku kucha, naye hakuwa na mtu wa kumwuliza namna ya kuizima. Mimi nikacheka.

Silaumu nyumba za wageni. Humhifadhi msafiri asiye na mtu, na wenyewe hupata riziki ya halali. Lakini kosa langu lilikuwa kumtendea mwenye mtu kama asiye na mtu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi niliwaeleza wanafunzi kwamba mwenyeji hupona njaa kwa kitoweo cha mgeni. Sasa nawaambia kwamba yako maradhi mengine, yasiyotibiwa na chemchemi yoyote. Vitabu nimevihamishia ukumbini. Kitanda kimetandikwa, na mjomba nimemwandikia aje.