Upande wa Kulia, Upande wa Kushoto



Jumapili moja baada ya Misa tulikusanyika katika chumba cha katekisimu hapa Kalengera ili kutazama filamu. Mwenzetu mmoja alileta kompyuta yake, nasi tukasongamana mbele ya kioo kile kidogo. Tulitaka kuona vyombo vya angani na kucheka. Tulirudi nyumbani kimya.

Tulichotazama ni kipindi kimoja cha Star Trek, tamthilia ya Marekani. Kilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1969, miezi tisa baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Chombo kiitwacho Enterprise kinampokea mkimbizi aitwaye Lokai, ambaye nusu ya uso wake ni nyeusi na nusu ni nyeupe. Nyuma yake anafika Bele, ambaye amemsaka kwa miaka 50,000. Naye pia ni nusu mweusi, nusu mweupe. Kapteni Kirk haoni kinachowatofautisha, mpaka Bele anapomweleza, akistaajabia upofu wake: yeye Bele ni mweusi upande wa kulia, hali Lokai ni mweusi upande wa kushoto.

Hapo tulicheka sana. Kisha chombo kinafika kwenye sayari yao, Cheron, na hakuna mtu aliye hai. Watu wao wamemalizana, na maiti hawakupata wa kuwazika. Wawili hao ndio waliobaki katika taifa zima. Tulidhani sasa watalia pamoja. La, wanashuka kwenye sayari ile ya wafu ili waendelee kukimbizana.

Kicheko kilikatika, kwa sababu sote tulikumbuka jambo moja. Mwishoni mwa 2022 vita vilipofika kwenye barabara hii ya Goma na Rutshuru, wengi wetu tulikimbia, wengine hadi Kanyaruchinya, tukalala chini ya mahema. Tuliporudi, kundi letu lilianza tena mikutano. Siku moja aliingia kijana ambaye hatukumfahamu vizuri. Kabla ya kumpa kiti, tulimwuliza jina la babu yake na kilima alikotoka. Alijibu, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Tulijiambia kwamba siku hizi ni lazima mtu awe na tahadhari. Lakini sisi pia tulikuwa tunatafuta upande wake mweusi uko wapi.

Katika mazungumzo yetu, dada mmoja alitoa pingamizi la maana. Alisema kwamba filamu ile inawaweka Bele na Lokai katika mizani moja, ingawa watu wa Lokai walikuwa watumwa wa watu wa Bele. Mtu aliyenyang'anywa shamba au kuuliwa ndugu hawezi kuambiwa tu kwamba tofauti zetu ni rangi. Tulikubaliana naye. Kudai haki si chuki, na msamaha haufuti ukweli. Hata hivyo, anayedai haki huwa na neno na yule aliyemkosea. Yule kijana hakuwa amemkosea yeyote kati yetu. Tulimhukumu kwa ajili ya babu ambaye hatukumjua.

Je, inawezekana kutenda vingine? Jirani zetu wa Burundi walitupa jibu. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, watu wenye silaha waliwaamuru wanafunzi watengane, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na wanafunzi 40 wakauawa. Walikuwa vijana wa rika letu. Umoja ule haukuzaliwa asubuhi ileile. Ulijengwa siku nyingi kabla yake, mezani, uwanjani na katika sala. Sisi hatukuombwa uhai wetu. Tuliombwa kiti, nacho tulikinyima.

Juma lililofuata, watatu kati yetu walikwenda kumtafuta. Walimkuta shambani akipalilia maharage na mama yake. Walimwomba radhi kwa maneno machache, kisha wakashika majembe hadi jua lilipoelekea kutua. Mama aliwapa mahindi ya kuchoma. Kijana hakusema kwamba atarudi, nasi hatuna haki ya kumlazimisha. Kila Jumapili tunaacha kiti kimoja wazi karibu na mlango.

Mungu alimwuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Hakumwuliza ni wa kabila gani.

Kwa mazungumzo katika makundi yenu:

1. Mgeni anapoingia kwenu, swali lenu la kwanza ni lipi?

2. Ni nani aliyeondoka katika kundi lenu bila mtu kumfuata?

3. Tunawezaje kudai haki bila kumbebesha mtu kosa la ukoo wake?