Toba Ianzie Ndani ya Kanisa

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza: kama Kristo anaokoa kweli, ilikuwaje Wanyarwanda waliobatizwa wakawaua jirani zao Watutsi mwaka 1994? Na kanisa lenye historia kama hiyo lina uso gani wa kupeleka Injili kwa wengine? Swali lako ni la haki, na anayelikwepa anaongeza dhambi juu ya dhambi.

Tuanze na yaliyothibitishwa. Aprili 1994, Watutsi kama 1,500 walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Tingatinga likazibomoa kuta na paa likawaangukia wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, aliridhia kanisa libomolewe, na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ikamhukumu kifungo cha maisha mwaka 2008. Tena nchi ile haikuwa ngeni kwa toba. Ni Gahini, hukohuko Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, ulikochipuka uamsho wa miaka ya 1930 ulioenea Uganda, Bukoba hadi Kenya. Watu wakaungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba.

Wapo wanaojibu upesi kwamba wauaji wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo silikubali, kwa sababu linatuacha sisi wengine tukijiona salama. Petro alikuwa mtume, amekwisha kujazwa Roho, lakini kule Antiokia alijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa watu wa kwao, hata Paulo akamkemea mbele ya wote. Ubaguzi ulimpata aliyeokoka, naye alihitaji kukemewa. Kosa la kanisa la Rwanda, kwa ninavyoona, lilikuwa kukosa Paulo wa kusimama. Ulevi ulikemewa, uzinzi ulikemewa, lakini chuki ya kabila iliachwa ikapokea meza ya Bwana pamoja na waumini. Nani angeikemea, wakati Askofu Mkuu wa Kigali mwenyewe alikaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala?

Utaniambia kwamba hayo ni siasa, si dhambi: wakoloni waligawa watu kwa vitambulisho, wanasiasa wakachochea, redio ikatangaza. Yote ni kweli, na kanisa lisiloyasema linahubiri nusu ya Injili. Lakini amri ya mwanasiasa haiui mpaka apatikane mtu wa kushika panga, na mtu huyo anaweza kukataa. Félicité Niyitegeka, Mhutu na mhudumu Mkatoliki wa Gisenyi, aliwaficha Watutsi. Ndugu yake, afisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe; akakataa kuwaacha, akauawa pamoja nao. Alitoka katika kanisa lilelile la Seromba, akisali sala zilezile. Kwa hiyo siwezi kusema Injili haina nguvu. Ninachosema ni kwamba ubatizo haumkingi mtu asiyetaka kutubu, na idadi ya waliobatizwa si kipimo cha utume.

Machi 2017, Papa Francis alipokutana na Rais Kagame alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale. Wengine waliona amechelewa, na kweli miaka 23 ni mingi. Hata hivyo hapo ndipo utume unapopata haki ya kusikilizwa, maana Bwana aliagiza toba ihubiriwe kuanzia Yerusalemu, nyumbani kabisa, kabla ya kwenda kwa mataifa.

Basi usilikimbie kanisa, mwanangu. Linahitaji watu wenye swali kama lako. Rudi kwenye ushirika wako. Ukisikia kabila la mtu likitajwa kwa dharau baada ya ibada, kemea hapohapo, hata kama msemaji ni mzee wa kanisa. Na kama dharau hiyo imetoka kinywani mwako, mtafute uliyemtukana umwombe radhi kabla hujapanda jukwaa la mkutano wa Injili.

Ni mimi, mjomba wako katika Kristo.