Kata Kwanza, Ndipo Uchomelee

Mpwa wangu alitaka kuiuza mashine ya kukatia nyasi ya marehemu baba kwa wanunuzi wa chuma chakavu. "Mjomba, bodi imeoza, hata kidole kinatoboa." Injini yenyewe ni nzima, ukivuta kamba inawaka. Lakini kijana huyu amekulia zama ambazo kitu kikitoboka, kinatupwa.

Bodi hiyo haijaanza leo kuoza. Risiti ya matengenezo yake ya kwanza inasema 1983, dada anashikilia 1984. Vyovyote iwavyo, ni miaka ile ya foleni za bidhaa madukani, na bodi mpya ungeipata wapi? Baba aliipeleka Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja wa kuchomelea kwa gesi, chini ya mti wa mkungu. Harufu ya gesi hiyo ilikupokea tangu kona ya barabara: kabaidi ikikutana na maji mtungini hunuka kama kitunguu saumu kilichooza.

Baada ya injini kufunguliwa, mzee aliipindua bodi, akakwangua nyasi zilizogandamana. "Adui ndiye huyu," akamwambia baba. Nyasi mbichi hutunza unyevu, kutu ikala kwa chini huku rangi ya juu inang'aa. Akaanza kugonga kwa nyundo ndogo, sikio karibu. Palipolia aliacha, palipotoa sauti butu alizungushia chaki, kisha akakata nje ya chaki, kwenye chuma kizima. Kiraka alikitoa kwenye bati nene la lori bovu, akakigonga mpaka kikafuata mviringo. Hakuchomelea mfululizo. Alishika nukta huku, nukta kule, akingoja papoe, maana bati likizidiwa moto upande mmoja hupinda, na kisu kitaligonga. Mwisho tupa, kisha redioksaidi, ndani na nje.

Baadaye zikaja mashine za umeme, zikaja grainda. Mzee akafariki. Sehemu ya Gerezani ikavunjwa kupisha mabasi ya mwendokasi.

Mafundi niliowaendea sasa wanataka kubandika bati juu ya kutu, wapake puti, wapulize rangi. Inaniudhi, kwa sababu grainda inamaliza kwa dakika chache kazi ya kukata kutu iliyomla mzee asubuhi nzima. Na ni hatari: kisu kile huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika, kiraka kikichomoka, mguu wa mtu uko hapo hapo.

Msomaji, ukimjua fundi Dar es Salaam anayekata kutu yote kabla ya kuwasha moto, nielekeze. Bei yake nitalipa bila kuomba apunguze.