Treni ya Mabati

Ewe kijana msomaji, utotoni niliunda treni kwa mabati na nyaya. Nilipoingia chuo cha ualimu niliiacha, nikiona haya kuitwa mtoto. Miaka 15 ikapita. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, alipofariki, niliikuta sandukuni mwake, imepakwa mafuta, haina kutu hata chembe.

Sasa kila Jumamosi naitengenezea njia. Reli ya kale, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1. Nikiugawanya kwa 50, napata sentimita 2. Ndio upana wa njia yangu.

Usiionee haya kazi ya mikono yako. Nilichokidharau mimi, baba alikitunza kimya kimya, nami sikupata kumshukuru.