Kurahisisha Gemu: Wametupunguzia Mzigo au Wametudharau?

Leo tunaandika juu ya gemu. Kuna wazazi watasema hawa watoto wamekosa kazi, lakini someni mpaka mwisho, maana jambo lenyewe linatugusa wote.

Kwenye laptopi ya kikundi tuna Mass Effect ya kwanza, ya mwaka 2007, na ya pili, ya 2010. Zote ni za BioWare, kampuni ya Kanada. Ni gemu za kuigiza mhusika: unakuwa kamanda Shepard, unasafiri na meli ya anga, unapigana, lakini pia unaongea na watu na kukata maamuzi. Ile ya pili walirahisisha vitu vingi, na hapo ndo tumegawanyika. Wengine wanasema gemu imepona, wengine wanasema imefanywa ya watoto.

Tuanze na begi. Katika ya kwanza unaokota silaha mpaka unachoka. Bunduki ya jina lilelile inakuja na namba, kuanzia I hadi X. Begi likifika vitu 150, unalazimika kuanza kuviyeyusha. Sasa kwetu umeme ni wa sola, laptopi ni moja, na zamu ya mtu ni saa moja. Mwenzetu anakaa, analinganisha bastola namba IV na namba V, kisha avae hiki, avue kile. Kabla hajapiga risasi, zamu imeisha! Na kopi yetu ni ya Kiingereza, wakati wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa.

Ya pili waliliondoa lile begi. Silaha zikabaki chache, na kila moja ina tabia yake. Hapo tunasema wazi, walifanya vizuri. Kuchagua kati ya IV na V si uamuzi, kila mtu anajua V ni bora. Ni kazi ya mikono tu, kama kupanga foleni mara mbili kwa karatasi ileile.

Na maamuzi hayakuisha, yalihamia kwa watu. Mwishoni kuna safari ya hatari, na wewe ndo unapanga nani apite kwenye njia nyembamba ya mitambo, nani aongoze kundi la pili. Ukimpanga asiyefaa, mtu anakufa, na akifa hatakuwepo katika gemu ya tatu. Hata Shepard mwenyewe anaweza kufa. Siku hiyo watazamaji wote wanashauri, hata wasiojua kushika kipanya.

Yupo pia Tali. Watu wake walifukuzwa kwenye sayari yao na mashine walizoziunda wenyewe, na kwa miaka kama 300 wanaishi melini, hawana ardhi. Katika ya pili anashtakiwa kwa usaliti mbele ya watu wake, na adhabu ni kufukuzwa. Ushahidi wa kumwokoa utachafua jina la marehemu baba yake, na yeye anakuomba usiutoe. Hapo hakuna namba ya kulinganisha. Tulibishana jioni nzima. Mkimbizi anafukuzwa na wakimbizi wenzake, aende wapi?

Lakini wanaolalamika nao wana haki. Katika ya kwanza, kujua kushawishi watu kuligharimu. Pointi ulizoweka kwenye maneno ulizikosa kwenye vita. Ukachagua: niwe hodari wa kupigana au wa kuongea? Ya pili waliliondoa hilo. Uwezo wa kushawishi unakuja kwa kuwa mpole sana au mkali sana, na ukichanganya, kama binadamu wa kawaida, mlango unaweza kufungwa. Hapo hawakutupunguzia mzigo, walichukua uamuzi wetu. Halafu wakaongeza kazi ya kupapasa sayari polepole kutafuta madini. Kumbe mzigo ulitoka mlango mmoja ukarudi kwa mwingine.

Basi msimamo wetu ni huu. Kurahisisha ni kuzuri pale unapoondoa kazi isiyo na uamuzi ndani yake. Ukiondoa uamuzi wenyewe, umemdharau mtu.

Sisi tunaojitolea tunakutana na jambo hili kila wiki. Tunapewa tangazo refu la Kiingereza tulieleze kwa Kiswahili chepesi. Tukifupisha tukasema tu "njooni Jumanne na kadi", mama atakuja, lakini hatajua kwamba alikuwa na haki ya kukataa au kuuliza. Tukiondoa maneno magumu na kumwachia chaguo lake, tumemsaidia. Sisi wenyewe tumekaa kwenye semina, tumemaliza sekondari, tukachorewa picha ya kunawa mikono. Tunajua inavyouma.

Nyie mnaonaje? Ya kwanza au ya pili? Andikeni hapo chini, ila mtoe na sababu.