Meza ya Mfalme Imo Mfukoni Mwako



Leo sitahubiri sana. Nina jambo la kuungama, kisha tutaomba pamoja. Waliokuwa ibadani Jumapili walilisikia. Nimeonelea niliandike kwa ajili yenu mnaotufuata kutoka mbali, mlio kazini Nairobi, Mombasa na ng'ambo, maana ninyi pia mlichangia mabati ya kanisa.

Niliokoka nikiwa kidato cha tatu, miaka ya tisini. Mchungaji wetu wakati huo alikemea televisheni kwa nguvu zote. Nyumba ya mshirika ikionekana na antena, mzee wa kanisa alitumwa kwenda kuuliza. Leo mchungaji huyo amestaafu, na kila alfajiri hunitumia mahubiri ya video kwa WhatsApp, mengine mara tatu. Simcheki. Alitupenda na alitulinda kwa nuru aliyokuwa nayo. Ila sisi tulisimama tukilinda mlango wa sebule, na dunia ikapitia mfukoni.

Nieleze ninachomaanisha.

Kanisani tuna kijana anayepiga kinanda. Ameniruhusu kusimulia haya, ila jina nalihifadhi. Wiki nzima huendesha bodaboda ambayo si yake, na kila jioni humpelekea mwenye pikipiki shilingi 400. Mwaka jana, mwezi wa sita, simu yangu iliita usiku. Ulikuwa ujumbe wa mweka hazina: kijana huyo ametuma fungu la kumi, shilingi 14,500.

Wapendwa, mimi najua hesabu. Fungu la kumi la 14,500 linatokana na 145,000. Bodaboda gani hiyo?

Nilijua jibu. Nilikuwa nimewasikia vijana pale stejini wakizungumza habari za mkeka, nani ameweka timu ngapi na nani amekosa kwa bao moja. Lakini tulikuwa tumebakisha upande mmoja wa paa, na mvua ilikuwa inawanyeshea watoto wa shule ya Jumapili. Kwa hiyo sikuuliza. Nilimpigia simu, nikamshukuru, nikambariki, nikamwambia Mungu atamfungulia milango zaidi. Wiki iliyofuata tukapiga mabati.

Baada ya miezi minne kinanda kilikuwa kimefunikwa leso Jumapili tatu mfululizo. Nikaenda kwao. Mamake alinipa kiti, akanipa chai, akakaa kimya kwa muda. Ndipo akaniambia alikuwa ameuza mtamba ili alipe karo ya bintiye, na pesa zilitumwa kwa simu ya kijana azipeleke shuleni. Shilingi 38,000. Ziliisha usiku mmoja.

Kijana alikuwa nyuma ya nyumba, akipasua kuni. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimejiandaa kumrudi kwa upole, kama tulivyofundishwa chuo cha Biblia. Yeye ndiye alinirudi.

"Pasta, wewe ulijua," akasema. "Nilipotuma zile elfu kumi na nne, ulinipigia kunishukuru. Ungeniuliza zimetoka wapi, siku ile ningekuambia. Nilikuwa nataka uniulize."

Nikanyamaza. Akaendelea, "Na wewe huhubiri tupande mbegu leo tuvune muujiza kesho. Mimi niliona ni kitu kimoja. Kabla ya kuweka mkeka nilikuwa naomba kwanza."

Nimehubiri zaidi ya miaka ishirini. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunichoma kama yale niliyopewa na kijana mwenye shoka mkononi.

Usiku ule nilifungua Mathayo 27. Mnakumbuka Yuda aliporudisha vile vipande thelathini vya fedha? Makuhani wakuu, watu walewale waliokuwa wamemlipa, walikataa kuvirudisha katika hazina ya hekalu, kwa sababu vilikuwa bei ya damu. Wakanunua shamba la kuzikia wageni. Hebu fikirini. Watu waliokuwa wanapanga kifo cha Bwana walijua kwamba kuna fedha zisizofaa kuingia katika nyumba ya Mungu. Mimi niliyeitwa na Bwana huyo nilizipokea na kuzigeuza mabati.

Tunaposema ulimwengu unabadilika, huwa tunawanyooshea vijana kidole: mavazi yao, nyimbo zao, simu zao. Lakini msomeni Danieli tena, sura ya kwanza. Alichukuliwa mateka akiwa kijana mpaka Babeli. Wakambadilisha jina, hakupigana. Wakamfundisha lugha na elimu ya Wakaldayo, akasoma na kufaulu kuliko wote. Akafanya kazi katika ofisi za wafalme wapagani, mmoja baada ya mwingine, mpaka uzeeni, siku za Koreshi. Danieli hakukataa kila kitu kipya. Alikataa meza. Chakula cha mfalme ndipo alipochora mstari, na aliuchora moyoni kabla sahani haijaletwa mbele yake.

Hilo ndilo swali langu na lako. Simu si dhambi. Kwa M-Pesa mama mjane hupokea msaada wa mwanawe bila kupanda gari, na mgonjwa hulipiwa hospitali usiku wa manane. Kujifunza teknolojia ni kama kujifunza lugha ya Wakaldayo. Jifunze, tena ufaulu. Lakini ndani ya simu hiyohiyo kuna meza ya mfalme, imeandaliwa saa zote ishirini na nne, na huhitaji kwenda popote. Hata serikali yetu iliona hatari: mwaka 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30. Sheria inamzuia aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria hutazama kitambulisho, haitazami moyo. Moyo ni kazi ya kanisa, na kanisa halitaweza kuifanya kazi hiyo kama lenyewe linakula makombo ya meza ileile.

Tulifanya nini? Niliwaita wazee wa kanisa, nikawaeleza yote. Mmoja aliniuliza kwa nini nijiaibishe kwa jambo ambalo limepita. Nikamwambia halijapita, liko juu ya vichwa vyetu kila Jumapili. Mabati hatukuyaezua. Lakini niliomba kutoa zile 14,500 kutoka mfukoni mwangu, kwa miezi mitatu, ziende kwa karo ya yule binti. Mama mchungaji alikubali, ingawa haikuwa rahisi nyumbani. Wazee waliongeza kiasi, na binti alirudi darasani. Nilisimama madhabahuni nikaomba msamaha kwa mama yule na kwa kanisa. Na mahubiri ya mbegu nimeyaweka kando hadi nijifunze upya kutofautisha imani na bahati nasibu. Imani humngoja Mungu hata asipotoa. Bahati nasibu humtumia Mungu ili itoe.

Kijana je? Nisiwadanganye kwa ushuhuda uliopambwa. Amerudi, lakini hukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Jioni humwachia mamake simu. Mwezi uliopita alianguka mara moja, akanipigia mwenyewe saa tano usiku kuniambia. Nilimshukuru kuliko nilivyomshukuru kwa zile elfu kumi na nne. Kinanda bado hajakigusa. Kuna msichana anajifunza, anakosea sana, na kijana wetu humrekebisha kwa ishara ya mkono akiwa kule nyuma. Kwangu mimi hiyo ni neema.

Mpendwa, wiki hii nakuomba ufanye mambo mawili. La kwanza, tafuta meza yako ni ipi. Huenda si kamari. Huenda ni mkopo wa simu unaoficha mwenzako wa ndoa, au ujumbe unaoufuta kabla ya kuingia nyumbani. Chora mstari leo, kabla sahani haijafika. La pili, yupo mtu ambaye unajua na hujamuuliza. Muulize. Usimuulize kwa hukumu. Huenda anangoja tu mtu mmoja amuulize.

Tuombe. Baba, tusamehe sisi wachungaji tulioupenda utoaji wa kondoo kuliko kondoo mwenyewe. Utupe moyo wa Danieli katika Babeli yetu, tuijue lugha ya nyakati bila kuila meza yake. Mkumbuke kila kijana aliye macho usiku huu akingoja matokeo ya mechi kwa hofu. Mfikie kabla hajafikiwa na aibu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unapambana na jambo hili, usiandike hapa hadharani. Nitumie ujumbe wa faragha au nipigie. Sitakushangaa. Mimi mwenyewe nimesimama palepale.

Mchungaji wenu.